Mama Anayehesabu Sigara

Katika onyesho la tano la tamthilia ya The Glass Menagerie, Tom Wingfield anatoka kwenda kuvuta sigara kwenye ngazi za chuma nje ya nyumba, na maneno ya mama yake yanamfuata hukohuko. Unavuta mno, anamwambia. Pakiti moja kwa siku, senti 15 kila pakiti. Kwa mwezi inakuwa kiasi gani? Mara 30 ni ngapi, Tom? Hebu piga hesabu uone ungeweka akiba kiasi gani, utashangaa mwenyewe. Kwa hesabu ya mama, fedha hiyo inatosha kumlipia mwanawe masomo ya jioni ya uhasibu pale Washington University, palepale mjini kwao St. Louis. Tom anajibu kwamba heri avute.

Ukumbini watu hucheka hapo, na wana haki, maana mwandishi, Tennessee Williams, alijua kuchekesha. Lakini nimeisoma tamthilia hii mara nyingi tangu nilipokuwa mwanafunzi wa sanaa za maonyesho, na kila nikifika hapo nasimama. Naamini mama huyu, Amanda Wingfield, ameonewa sana na waigizaji, waongozaji na walimu wa fasihi. Anafundishwa kama mfano wa mama msumbufu, king'ang'anizi, asiyewaacha watoto wake watu wazima wapumue. Usumbufu anao, sikatai. Ila katika nyumba ile yeye ndiye mtu pekee anayeipigia hesabu kesho, na asiyeitazama tamthilia kupitia hesabu zake ataondoka ukumbini ameona nusu yake.

Niwape picha ya nyumba kwanza. Ni St. Louis, miaka ya 1930, uchumi wa Marekani umeanguka na watu wanashikilia kazi yoyote iliyopo. Familia ya Wingfield imepanga kwenye jengo la uchochoroni, na njia yao ya kuingia na kutoka ni ngazi za dharura. Baba alikuwa mfanyakazi wa kampuni ya simu. Aliondoka zamani, na habari yake ya mwisho ilikuwa kadi ya posta kutoka Mazatlán, pwani ya Mexico, yenye maneno mawili: hujambo, kwaheri. Anwani hakuweka. Picha yake kubwa bado iko ukutani, anatabasamu. Tom anafanya kazi kwenye ghala la viatu kwa mshahara wa dola 65 kwa mwezi, anaandika mashairi kwa kujificha, na kila usiku anasema anakwenda sinema. Dada yake mkubwa, Laura, ana mguu mmoja wenye kasoro kidogo na aibu kubwa kuliko kasoro yenyewe. Siku zake zinapita kwenye santuri kuukuu alizoacha baba na kwenye wanyama wadogo wa kioo anaowafuta vumbi na kuwapanga upya.

Amanda mwenyewe alikulia Mississippi. Hachoki kusimulia Jumapili moja ya usichana wake, pale Blue Mountain, walipokuja kumtembelea vijana 17 kwa siku moja, mpaka viti vya nyumbani vikapungua ikabidi viazimwe kanisani. Watoto wameikariri hadithi hiyo. Ndani yake yuko pia mtu mweusi aliyetumwa kwenda kubeba viti, na Amanda anamtaja kwa neno la matusi kana kwamba ni jina lake. Hapo mimi sipiti kimya. Ujana anaoulilia ulibebwa na kazi ya watu ambao tamthilia haiwataji hata kwa jina, na msomaji wa Kiafrika anayempenda Amanda, kama mimi, inabidi ampende hali akilijua hilo.

Hofu ya mama huyu inafunguka katika onyesho la pili. Amemlipia Laura dola 50 asome uhazili. Siku moja anapita chuoni kuuliza maendeleo ya binti yake, na mwalimu hamkumbuki. Kisha anakumbuka: aa, yule msichana mwenye haya, aliyekuwa akitetemeka mikono hata hawezi kugonga vitufe, ambaye siku ya jaribio la kasi alitapika darasani na hakurudi tena. Wiki sita Laura amekuwa akiaga asubuhi kwamba anakwenda chuoni, kumbe anazunguka bustanini kwenye baridi, anaingia makumbusho, anakwenda kutazama ndege kwenye bustani ya wanyama, anajibanza katika nyumba ya vioo yanamooteshwa maua ya nchi za joto. Mama anarudi nyumbani, anavua kofia na glavu polepole, anaichana michoro ya mashine ya chapa aliyokuwa akijifunzia binti. Halafu anauliza watafanya nini sasa, maisha yao yote yaliyobaki.

Anasema anawajua wanawake wasioolewa na wasio na kazi. Amewaona kwao Kusini mwa Marekani: wanaishi kwa huruma ya shemeji au wifi, wamesukumiwa kachumba kadogo, ndugu mmoja anawahimiza waende kwa ndugu mwingine, wanakula unyonge maisha yao yote. Hayo ndiyo tumetayarishiwa? anamuuliza Laura.

Watu wengi wakisoma maneno hayo wanasikia mama anayemtisha mtoto. Mimi nasikia ushahidi. Kwetu Tanga nilikua nikimwona mama mmoja aliyekaa chumba cha uani nyumbani kwa kaka yake. Aliamka wa kwanza, akalala wa mwisho, alilea watoto wa watu wote wa nyumba ile, na bado kila sahani aliyopewa ilikuja na jicho. Hakuna aliyempiga wala kumtukana. Alikuwa tu mtu ambaye hakuna aliyemchagua kuishi naye. Amanda alimwona mama wa namna hiyo mahali pengine kabisa, kwenye jamii nyingine, na alichokiona kilimwingia mwilini.

Kwa hiyo anafanya kazi. Hili husahaulika kabisa watu wakizungumzia ndoto zake za Blue Mountain. Anauza majarida ya wanawake kwa simu, anawapigia wenzake mapema asubuhi kuwakumbusha kwamba muda wa kupokea jarida umekwisha. Anaanza kwa kuwauliza habari ya magonjwa yao na kuwapa pole, halafu ndipo analeta biashara, na upande wa pili wanamkatia simu wakisingizia kuna kitu kinaungua jikoni. Kuna aibu nzito katika kuuza kitu kwa mtu aliyekujua ulipokuwa na hadhi. Anaimeza kila siku. Na mtoto wake wa kiume anapomwambia kwamba hatimaye amemwalika mwenzake wa kazini, Jim O'Connor, aje kula chakula cha jioni, maswali yanayomtoka yote ni ya fedha na tabia: analewa? Anapata mshahara kiasi gani? Dola 85. Anazipima papo hapo: si nyingi kwa mtu mwenye familia. Anasoma? Masomo ya jioni, uhandisi wa redio. Hapo uso unamnyooka. Mtu anayesoma jioni ana mpango na maisha.

Mama yangu mzazi huwa anapiga simu alfajiri. Shikamoo mama. Marahaba mwanangu, umeamka? Kisha yanafuata yaleyale: jana umekula nini, ile fedha ya kikundi umeipeleka, kiwanja kile umefuatilia, na usikopeshe watu hovyo. Ni miaka sasa najilipia kodi ya nyumba mwenyewe. Kuna asubuhi maswali hayo yananibana kifua. Amanda humwamsha Tom kila siku kwa kumwimbia aamke ang'are, na Tom anajibu kwamba ataamka lakini hatang'aa. Nayaelewa majibu ya Tom kwa ngozi yangu. Lakini nimekuwa nikijiuliza kwa muda mrefu ni kwa nini akina mama wengi namna hii huzungumzia fedha pale wanapotaka kusema kitu kingine, na jibu nililolipata linatokana na tamthilia hii zaidi kuliko mahali pengine: kwa sababu fedha ndicho kitu cha kwanza kilichowaangusha. Mume wa Amanda aliondoka na mapenzi yake, ndiyo, lakini kilichoonekana mwezi uliofuata kilikuwa kodi ya nyumba.

Halafu kuna suala la nani anatusimulia. Tom hujitokeza mwanzoni kabisa na kutuambia kwamba tutakayoyaona ni kumbukumbu. Yeye ameshaondoka. Alimwacha mama, akamwacha dada, akaenda baharini kama baba yake alivyokwenda zake. Maana yake ni kwamba kila neno la Amanda linatufikia kupitia kinywa cha mtoto aliyemkimbia, na mashtaka yote dhidi ya mama yanasomwa na mtu ambaye mwenyewe ana la kujibu. Nashangaa jinsi waongozaji wengi wanavyolipokea hilo bila kuuliza. Wanamwamini Tom kila kitu.

Ukimsikiliza Tom kwa makini, hata hivyo, utagundua jambo ambalo naliona ndilo moyo wa kazi hii. Onyesho la pili, lile la chuo cha uhazili, Tom hakuwepo. Mama na Laura walikuwa peke yao. Mazungumzo ya Laura na Jim kwenye mwanga wa mishumaa, hakuwepo pia. Kama yote haya ni kumbukumbu ya Tom, basi sehemu hizo amezijenga mwenyewe, kwa kudhania. Na anapoudhania ujio wa mama yake kutoka chuoni, anamwona akipanda ngazi akiwa amevaa koti lake la bei rahisi lenye kola ya manyoya ya kuiga, anamwona akisimama mlangoni kukusanya nguvu kabla ya kuingia, anaiona aibu iliyompata mbele ya mwalimu. Mtoto anayemchukia mama yake hamtengenezei onyesho kama hilo. Aliyatunga miaka mingi baadaye, mbali, baada ya kuona dunia, na akampa mama yake maneno yenye nguvu kuliko yoyote anayojipa mwenyewe.

Jumamosi nyingi jioni nimekaa na marafiki Sinza, sebuleni kwa mmoja wetu, tukisoma tamthilia kwa sauti, kila mtu na mhusika wake. Tulipoisoma hii, dada aliyemsoma Amanda, mwigizaji mzuri, alimchukua kwa juu: sauti kali, mikono kiunoni, kila sentensi kama kofi. Tulicheka mpaka machozi. Tulipofika mwisho kaka mmoja akasema Tom alichelewa tu, angeondoka zamani. Dada mwingine, aliyekuwa kimya jioni nzima, akamuuliza: "Na kodi ya mwezi unaofuata nani analipa?" Ubishi ukawaka, chai ikapoa. Basi tukakubaliana turudie baadhi ya sehemu, na safari hii msomaji wetu ashushe sauti, asiigize usumbufu, aulize tu maswali kama mtu anayehitaji majibu. Aliposoma ile hesabu ya sigara kwa sauti ya chini, hakuna aliyecheka. Ilikuwa wazi kwamba mama yule anatafuta dola nne na nusu mahali popote zinapoweza kupatikana.

Tangu siku hiyo naamini Amanda anatakiwa kuigizwa na mtu anayebishana na msimulizi.

Aliyemwigiza wa kwanza inaelekea alilijua hilo. Laurette Taylor alikuwa nyota wa Broadway, kumbi kubwa za maonyesho za New York, miaka ya 1910, kisha mumewe, mwandishi J. Hartley Manners, akafariki mwaka 1928, na pombe ikamchukua miaka mingi. Alipopewa Amanda alikuwa na umri wa karibu miaka 60, na kwenye mazoezi alinong'ona maneno mpaka wenzake wakaogopa kwamba hayajui. Onyesho lilifunguliwa Chicago, ukumbi wa Civic, tarehe 26 Desemba 1944, kwenye baridi kali, na watu wachache. Wahakiki wawili wa magazeti ya mji huo, Claudia Cassidy na Ashton Stevens, waliisifu wakarudi kuisifu tena, na ukumbi ukajaa. Tarehe 31 Machi 1945 ilihamia New York, ikachezwa mara 563. Taylor alifariki Desemba 1946, na hakuna filamu yoyote inayomwonyesha akiwa Amanda. Kilichobaki ni ushuhuda wa waliomwona, na wengi wao, wakiwemo waigizaji wakubwa, walisema hawakuwahi kuona kitu kama kile. Wanachokikumbuka si makelele. Wanakumbuka jinsi alivyogusa kitambaa, jinsi alivyonyamaza.

Waliotoa fedha za onyesho walitaka Laura apate mume mwishoni. Williams alikataa, na Margo Jones, aliyeongoza pamoja na Eddie Dowling, alisimama naye. Hollywood walipotengeneza filamu mwaka 1950, waliumaliza mchezo kwa matumaini, mgeni mwingine anakuja kwa Laura. Huko ni kumkosea heshima Amanda kuliko mtu yeyote, kwa sababu kunaifanya hofu yake ionekane ya bure.

Kuna sadfa moja ya kalenda ambayo hunisisimua. Mwezi huohuo wa Machi 1945, tarehe 8, Buenos Aires, mama mwingine alipanda jukwaani kwa mara ya kwanza: Bernarda Alba, wa tamthilia ya mwandishi Mhispania Federico García Lorca, akiigizwa na kikundi cha mwigizaji Margarita Xirgu. Lorca alikuwa ameimaliza tamthilia hiyo Juni 1936, na Agosti mwaka huohuo akauawa karibu na Granada. Bernarda ni mjane wa kijiji cha Andalusia, ana mabinti watano, na siku ya mazishi ya mumewe anatangaza matanga ya miaka minane: madirisha yafungwe, hakuna upepo wa mtaani kuingia. Anatembea na bakora. Binti yake mdogo, Adela, anapojinyonga, Bernarda anaamuru itangazwe kwamba amekufa akiwa bikira, na neno lake la mwisho ni amri ya kunyamaza.

Huyo ndiye mama mkandamizaji ninayemwogopa kweli. Bernarda analinda jina la nyumba. Mabinti ni sehemu ya ukuta, na akitakiwa kuchagua kati ya mtoto na ukuta, anachagua ukuta. Amanda hana jina la kulinda, hana mali, hana ukuta. Mlango wake ni ngazi za kukimbilia moto. Bernarda anafunga madirisha ili mwanamume asionekane. Amanda anakopa taa mpya ya kusimama, anatandika zulia, anamshonea binti nguo, ili mwanamume mmoja apite mlangoni. Wanafunzi huwaweka wawili hawa kwenye kapu moja la mama wakorofi, na mtihani huwataka wawalinganishe. Ningekuwa mimi ndiye mwalimu ningeuliza kitu kingine: kila mmoja anaogopa nini, na hofu hiyo ameitoa wapi?

Sitaki, kwa mapenzi yangu yote kwa Amanda, kupita juu ya anachomfanyia Laura. Haruhusu mtu kusema kwamba binti yake ana kilema. Anaita kasoro ndogo isiyoonekana, akidhani kutolisema jambo ni kuliondoa. Jioni ya mgeni anamwekea binti pamba kifuani ili apendeze zaidi. Laura anapogundua kwamba mgeni ni Jim, yule kijana aliyempenda kimya tangu sekondari, anamsihi mama asimfungulishe mlango. Mama anashikilia: utafungua wewe. Msichana anafungua akitetemeka, na mezani anashindwa hata kukaa. Ni ukatili, na Amanda haujui kuwa ni ukatili, jambo ambalo halimpunguzii Laura maumivu. Kwa namna yake Tom naye anafanya vilevile. Katika ugomvi wao mkubwa anamwita mama yake mchawi mzee, anarusha koti lake, na koti linaangukia rafu ya wanyama wa kioo. Mama na mwana wanagombana, vinavyovunjika ni vitu vya Laura. Na usiku wa mgeni umeme unakatika katikati ya shughuli kwa sababu fedha ya bili Tom ameilipia ada ya chama cha mabaharia, akijiandaa kutoroka. Amanda anawasha mishumaa, anatia mzaha, shughuli inaendelea gizani.

Jim anamtendea Laura wema. Anaongea naye, anamfundisha kucheza, wanaigonga meza na farasi wa kioo mwenye pembe moja anaanguka, pembe inakatika. Anambusu. Halafu anamwambia ana mchumba, Betty, na kwamba hawezi kuja tena. Akishaondoka, Amanda anamgeukia Tom, na kinachomtoka kwanza ni gharama: taa mpya, zulia, nguo za Laura, vyote kwa ajili ya kumkirimu mchumba wa msichana mwingine. Nimewahi kusikia watu wakiguna hapo, kwamba hata sasa anahesabu. Ndiyo, hata sasa. Taa ile ni ya mkopo na malipo yake bado hayajaisha. Mtu aliyeumia akikutajia bei, usifikiri haumii.

Kisha Tom anaondoka, na hapo Williams anafanya jambo ambalo sijawahi kuliona likiandikwa vizuri hivi na mwandishi mwingine. Wakati Tom anatusemesha kwa mara ya mwisho, nyuma yake tunawaona mama na dada kama kwa nyuma ya kioo. Amanda anamfariji Laura. Anazungumza, lakini maneno yake hatuyasikii. Na maelekezo ya jukwaani yanasema kwamba sasa, tunapokuwa hatumsikii, upuuzi wake umeondoka, na ana heshima na uzuri wa msiba. Maneno yote yale ya tamthilia nzima, ya chakula kitafunwe vizuri, ya kukaa wima, ya senti 15, yalikuwa yamemfunika. Ilibidi mwanawe aende mbali kiasi cha kutosikia ndipo aweze kuona kile ambacho mikono ya mama ilikuwa ikifanya muda wote.

Williams hakuyatoa haya hewani. Jina lake la kuzaliwa ni Thomas Lanier Williams, alizaliwa Mississippi mwaka 1911, na mwaka 1918 familia ilihamia St. Louis baba alipopata nafasi ofisini kwenye kampuni ya viatu. Kijana naye alifanya kazi huko miaka ya mwanzo ya 1930 akaichukia. Mama yake, Edwina, alikuwa binti wa mchungaji, mwenye maneno mengi na adabu za Kusini. Inasimuliwa kwamba alipokwenda Chicago kuitazama tamthilia, Laurette Taylor alimuuliza alijionaje jukwaani. Edwina hakukubali kamwe kwamba Amanda ni yeye. Tofauti moja ni kubwa kuliko zote. Baba mzazi, Cornelius, hakuondoka. Alikuwepo nyumbani, mlevi, mcheza kamari, mtu wa kutisha kwa mtoto mpole. Williams alipoandika alimtoa baba huyo akambakiza kama picha inayotabasamu, na lawama ya nyumba nzima ikamwangukia mama peke yake. Nadhani ndiyo maana Amanda anaelemewa hivi. Amebeba na sehemu ya mtu mwingine.

Na Laura alikuwa dada yake, Rose, aliyezaliwa mwaka 1909. Ugonjwa wake wa akili ulizidi katika miaka ya 1930, akalazwa, na mwaka 1943 wazazi wakaridhia afanyiwe upasuaji wa ubongo, mtindo wa tiba wa wakati ule. Hakurudi tena kuwa mtu wa kujitegemea. Williams hakuwepo mjini. Alimlaumu mama kwa hilo kwa miaka mingi, na alijilaumu mwenyewe pia, kama anavyojilaumu Tom wa jukwaani. Mwaka uliofuata tamthilia ilikuwa Chicago.

Alifanya mambo mawili ambayo naona yanastahili kufundishwa pamoja na maandishi yenyewe. La kwanza, alimwandikisha Edwina nusu ya mapato yote ya The Glass Menagerie, na kwa fedha hizo mama huyo, baada ya miaka karibu 40 ya ndoa, aliweza kuachana na Cornelius na kuishi kwa uwezo wake. La pili linamhusu Rose. Alimhamishia kwenye makao mazuri jimboni New York, akalipa gharama maisha yake yote, akamtoa mara kwa mara kwenda naye mapumzikoni na kwenye karamu. Edwina alifariki mwaka 1980, Williams mwaka 1983, na Rose akaishi mpaka 1996. Amanda alikuwa amemuuliza binti yake watafanya nini maisha yao yote yaliyobaki. Swali hilo mwanawe alilijibu kwa hundi, mwaka baada ya mwaka, na kwa siku ambazo yeye asingekuwepo aliliweka kwenye wosia: Rose atunzwe kwanza, ndipo kinachobaki kiende kwingine.